Kulipatia Namba Gari Ulilojiundia Mwenyewe Uingereza: Kuanzia Bolti ya Kwanza Hadi Kadi

Ukiishi Uingereza na mikono yako haijui kutulia, ipo siku utakutana na tangazo la fremu ya chuma, bodi ya faiba na mifuko ya bolti, vyote vikingoja mtu wa kuviunganisha. Mazoea haya ni ya zamani hapa. Lotus Seven ilitoka mwaka 1957 na wengi waliinunua kwa vipande, kwa sababu gari la vipande halikutozwa kodi ya ununuzi kama gari zima. Kodi hiyo ilikoma mwaka 1973, na mwaka huohuo kampuni ya Caterham ilichukua haki za kuliunda gari lile. Hadi leo wanaliuza: ukitaka zima utapata, ukitaka vipande ukajiundie utapata.

Kazi ya kuunda ina raha yake. Kinachowakwamisha watu ni ruhusa ya kulitembeza gari barabarani. La kwangu lilinichukua miaka mitatu kwenye gereji ya nyuma ya nyumba, nikitumia injini, giaboksi na difu za Mazda MX-5 iliyochakaa. Kosa langu kubwa nililifanya kabla hata sijashika spana: kitabu cha ukaguzi nilikiacha nikisome mwishoni. Nililipia kosa hilo kwa kukata vyuma nilivyokwisha kuvichomelea na kuvipaka rangi. Mwongozo huu nimeupanga kwa utaratibu ambao ungeniokoa.

Hatua ya kwanza: zijue ofisi mbili

Kabla ya 1998 mtu aliyejiundia gari hakuwa na mtihani maalumu wa kupita. Mwaka huo ukaja ukaguzi ulioitwa SVA, na mwaka 2009 ukabadilishwa na huu wa sasa, IVA, yaani idhini ya gari mojamoja. Magari ya kiwandani huidhinishwa kwa aina: sampuli ikishapita, maelfu ya mengine hufuata. Lako halina ndugu, kwa hiyo linakaguliwa lenyewe, kipande kwa kipande.

Wanaokagua ni DVSA, wakala wa serikali wa viwango vya madereva na magari. Ireland Kaskazini kazi hiyo hufanywa na DVA. Ukipita unapewa cheti cha idhini. Cheti hicho si namba. Namba na kadi ya gari, ambayo hapa huitwa V5C, hutolewa na DVLA, ofisi tofauti kabisa yenye maswali yake. DVSA wanauliza kama gari ni salama. DVLA wanauliza gari limetoka wapi, na vipande vyake vilikuwa vya nani. Ukijiandaa kwa swali moja tu, utakwama kwenye la pili.

Na IVA si MOT. MOT huangalia kama gari lililoidhinishwa zamani bado linafaa kutembea. IVA huangalia kama limeundwa inavyotakiwa tangu mwanzo. Fundi wako wa MOT anaweza kukupitishia gari ambalo mkaguzi wa IVA atalirudisha kabla ya saa sita mchana.

Hatua ya pili: amua namba kabla ya kununua vipuri

Wengi hufikiri namba ni jambo la mwisho. Sivyo. Aina ya namba utakayopewa inategemea vipuri unavyonunua leo.

Kama kila kitu ni kipya kutoka kwa mtengenezaji wa seti, au kipande kimoja tu ndicho kilichotumika na kikafanyiwa ukarabati wa kukirudisha katika hali ya upya, na una karatasi za kuthibitisha, utapata namba ya mwaka wa sasa. Kama umetumia fremu mpya ya mtengenezaji anayejulikana pamoja na vipande vikubwa viwili kutoka gari moja la zamani, unaweza kupewa namba inayolingana na umri wa gari hilo. Vipande vikubwa ni kama injini, giaboksi, ekseli, sasipensheni na mfumo wa usukani. Zingatia neno "moja": injini ya gari hili na giaboksi ya gari lile haziwi jozi. Na kadi ya gari hilo la zamani uitunze kama hati ya shamba.

Ukishindwa kuonyesha vipande vimetoka wapi, gari litapewa namba inayoanza na Q. Gari hilo hutembea barabarani kama mengine, lakini alama hiyo humwambia kila mtu kwamba umri au asili ya gari haijulikani. Baadhi ya kampuni za bima husita, mnunuzi hushusha bei, na huwezi kubandika namba ya kununua juu yake. Kwa maoni yangu, mtu mwenye gari moja la kuchangia vipuri asikubali Q kwa uzembe wa karatasi.

Hatua ya tatu: piga picha, tunza risiti

Sheria inakupa nafuu kwa sababu wewe si mfanyabiashara: gari umeliunda mwenyewe, kwa matumizi yako. Nafuu hiyo lazima uithibitishe. Piga picha ya fremu ikiwa tupu. Piga picha ya injini ikiwa bado ndani ya gari la zamani, namba yake ikisomeka, kisha nyingine ikining'inia kwenye winchi, kisha nyingine ikiwa imekaa mahali pake papya. Wewe mwenyewe uonekane kwenye baadhi ya picha ukiwa kazini. Risiti weka hata za vitu vidogo, na ukinunua kwa mtu binafsi mwandikishiane: tarehe, bei, namba ya kipuri, sahihi.

Mimi nilikuwa na kopo la biskuti lililojaa karatasi zilizofifia. Risiti za karatasi laini hufutika wino ndani ya miezi. Zipige picha siku uliyozipata.

Ushahidi wa umri wa injini una uzito wa pekee. Kiwango cha moshi utakachopimwa hufuata umri huo. Injini ya zamani isiyo na kataliti (kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi) hupimwa kwa kiwango chepesi zaidi, wakati injini ya kisasa hupimwa kwa ukali. Usipokuwa na uthibitisho, utachukuliwa kama mwenye injini mpya. Kadi ya gari la zamani, au barua ya mtengenezaji inayotaja namba ya injini na tarehe yake, ndiyo kinga yako.

Hatua ya nne: VIN

Gari lazima liwe na VIN, namba ya utambulisho iliyogongwa kwenye chuma cha fremu yenyewe, pamoja na kibati cha maelezo. Watengenezaji wengi wa seti huigonga kabla ya kukuletea fremu. Kama umejichomelea fremu nyumbani, waandikie DVLA wakupangie. Igonge mahali panapoonekana bila kufungua kitu, na uigonge kabla ya kupaka rangi. Fremu ikishafunikwa na bodi utakuwa umelala chali ukigonga herufi kwa kubahatisha.

Hatua ya tano: unda huku kitabu kiko wazi

Mwongozo wa ukaguzi wa IVA hupatikana bure kwenye tovuti ya serikali. Ni mrefu na unachosha, lakini ndio maswali ya mtihani yaliyotolewa mapema. Uchapishe, utoboe matundu, uning'inize ukutani gerejini. Sitaupitia wote. Nitakaa pale ambapo watu huanguka.

Kingo. Hapa ndipo nilipoanguka mara ya kwanza, na ndipo wengi huanguka. Mkaguzi ana tufe lenye kipenyo cha mm 100. Sehemu yoyote ya nje ambayo tufe hilo linaweza kuigusa, ukingo wake lazima uwe umeviringika kwa nusukipenyo kisichopungua mm 2.5. Fikiria ubavu wa biti ya drili ya mm 5: ukali unaozidi huo haukubaliki. Ncha za bolti, kona za mabano ya taa, mdomo wa ekzosi, chuma cha sasipensheni kilicho wazi kando ya gurudumu la mbele, vyote vinahesabika. Ndani ya gari tufe ni la mm 165, mfano wa kichwa cha binadamu, na linapita kwenye dashibodi, swichi na vioo. Eneo lililo mbele ya usukani limesamehewa, ndiyo maana wazoefu hukusanya swichi zao hapo.

Tengeneza tufe lako mwenyewe. Mpira wa plastiki wenye kipimo sahihi unatosha. Uzungushe gari zima ukiwa umeupaka chaki, kisha tazama chaki imebaki wapi. Mifuniko ya plastiki ya nati na raba za kingo husaidia, mradi zishikwe imara. Raba inayovuliwa kwa kidole mkaguzi ataivua kwa kidole. Watu hulalamika kwamba sheria hii inaharibu sura ya gari. Mimi silalamiki. Gari hili litapita karibu na watoto wanaovuka barabara, na bolti iliyotokeza hupasua nyama.

Usukani kurudi wenyewe. Mkaguzi ataendesha polepole akiwa amekata kona, kisha ataulegeza usukani. Gari linapaswa kutaka kunyooka lenyewe. Magari mepesi ya mtindo wa Seven hushindwa hapa, kwa sababu sasipensheni na usukani vimetoka kwenye gari lililokuwa zito zaidi. Dawa yake ni kasta: mhimili unaopita boljointi ya juu na ya chini ulalie nyuma zaidi upande wa juu. Acha nafasi ya kuirekebisha wakati wa kuunda mikono ya sasipensheni, maana baadaye ni msumeno tu. Legeza pia viungo vinavyobana, hakikisha nguzo ya usukani haikwaruzi popote, kisha peleka gari kwenye alaimenti. Kuongeza upepo wa matairi ya mbele husaidia kidogo, lakini usitegemee upepo kuficha kasta mbaya. Na nguzo yenyewe iwe ya kunywea inapogongwa. Rahisi zaidi ni kutumia nguzo kamili ya gari la kiwandani bila kuikata.

Breki. Lazima ziwe na njia mbili, ili moja ikivuja nyingine ishike. Kopo la mafuta ya breki liwe na taa ya onyo kwenye dashibodi, na pawe na namna ya kujua kwamba taa hiyo inawaka. Gari likipandishwa kwenye rola za kupimia breki, hesabu lazima ionyeshe kwamba magurudumu ya mbele yatafunga kabla ya ya nyuma. Ya nyuma yakitangulia, gari hugeuka tako likawa mbele, na katika gari lisilo na paa hilo ni jambo la kufa na kupona. Kama umeweka kirekebishi cha mgawanyo wa breki kama cha magari ya mashindano, kifunge kabisa kwa pini au kwa kuchomelea, kisichofungwa hakipiti. Hendibreki iwe na njia yake ya kimakanika, ishike bila msaada wa mafuta.

Mabomba na waya. Mabomba ya breki, ya petroli na nyaya zote zishikizwe kwa vibano visivyopita mm 300 kutoka kimoja hadi kingine, zikae mbali na ekzosi, na zinapopita kwenye tundu la chuma ziwe na raba. Kazi hii ni nyepesi, na ndiyo inayomwonyesha mkaguzi dakika za mwanzo wewe ni mtu wa namna gani.

Taa. Kila taa, kioo cha pembeni na mkanda viwe na alama ya E yenye namba ya nchi iliyoidhinisha. 11 ni Uingereza, 1 ni Ujerumani. Niliwahi kununua vioo vizuri mtandaoni kwa muuzaji aliyenihakikishia kwamba vina alama. Vilipofika havikuwa na hata herufi moja. Tazama kipuri chenyewe, usitazame tangazo. Taa kubwa za mwanga mfupi ziwe kati ya mm 500 na 1200 kutoka ardhini. Indiketa zisiwe chini ya mm 350, na ya kushoto na ya kulia zisikaribiane kwa chini ya mm 600. Taa nyekundu ya ukungu ya nyuma ikae katikati au upande wa dereva wa huku, yaani kulia, na iwe mbali na taa ya breki kwa angalau mm 100. Pima gari likiwa limesimama kwenye matairi yake, kwa sababu likiwa juu ya stendi vipimo hivyo vinakudanganya.

Mikanda. Tundu la kufungia mkanda wa bega liwe angalau mm 450 juu ya kikalio cha kiti, na lifungwe kwenye chuma cha fremu, siyo kwenye faiba. Kama kiti kinainuka, hesabu hubadilika.

Kelele. Kipaza sauti huwekwa nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, kwa pembe ya digrii 45, injini ikizungushwa hadi robo tatu ya mizunguko inayotoa nguvu yake ya juu. Kikomo ni desibeli 99. Salensa ndogo inayopendeza macho mara nyingi haitoshi. Beba sufu ya kujazia salensa, na uwe na karatasi inayoonyesha mizunguko ya injini yako, la sivyo mkaguzi atachagua mwenyewe.

Mengine nayapita haraka: spidomita isomeke kwa maili, iwe na mwanga, na isionyeshe kamwe kasi iliyo chini ya ile ya kweli; kifuniko cha tangi kiwe na funguo au kamba; pawe na kufuli ya usukani au kizuia wizi; taa ya kurudi nyuma iwepo; matairi yawe na uwezo wa uzito na kasi inayolingana na gari; na ukiweka kioo cha mbele, waipa na kifuta ukungu vifuate.

Hatua ya sita: omba ukaguzi

Fomu ya gari la abiria ni IVA1C. Utaeleza gari, injini, uzito wa juu kwa kila ekseli, na kuambatisha uthibitisho kwamba umeliunda mwenyewe. Uzito usiukisie: lipime gari, kisha ongeza watu wawili, mizigo na tangi lililojaa. Ada kwa gari la kujiundia imekuwa pauni 450, na kurudia pauni 90. Hakikisha kiasi cha siku hiyo kabla ya kulipa. Si kila kituo kinachofanya IVA ya magari, na foleni huwa ndefu majira ya kuchipua, kila mtu anapotaka kuwahi jua. Ukiomba wakati wa baridi unapumua zaidi.

Kabla ya siku hiyo, mwombe fundi wa MOT akulipimie moshi, breki na taa. Atakachokiona yeye hutakilipia mara mbili.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Sheria inakuruhusu kuliendesha gari lisilosajiliwa hadi kwenye ukaguzi uliokwisha kupangiwa tarehe, mradi liwe na bima iliyoandikwa kwa VIN. Mimi ningelipakia kwenye trela. Gari ambalo halijawahi kutembea maili kumi halistahili kujaribiwa kwenye barabara kuu asubuhi unayotaka kutulia.

Ukaguzi huchukua saa kadhaa. Beba spana, raba za kingo, mifuniko ya nati, vibano, balbu, petroli, na chakula chako. Jambo dogo mara nyingine mkaguzi hukuacha ulirekebishe papo hapo, na raba ya nusu mita imewaokoa wengi na safari ya pili. Mjibu anachouliza, usimwimbie habari za usiku uliokesha. Usipoelewa kosa, mwombe akuonyeshe kifungu kwenye kitabu. Hiyo si dharau. Wengi wao hupenda mtu aliyekisoma.

Mara ya kwanza mimi nilirudi na orodha ya makosa manne: kingo mbili, usukani, na taa ya ukungu. Orodha ikishaandikwa, hiyo ndiyo kazi yako, wala usiguse kingine. Ukibadilisha kilichokwisha kupita, unafungua mlango wa kukaguliwa upya.

Hatua ya nane: DVLA

Cheti kikiwa mkononi, jaza fomu ya usajili: V55/4 kwa gari la vipuri vipya, V55/5 kwa lililotumia vya zamani. Ongeza V627/1, ambayo ni taarifa ya ukaguzi wa gari lililoundwa, ukitaja kila kipande kikubwa na kilikotoka. Ambatisha cheti cha IVA, risiti, picha, kadi ya gari lililochangia vipuri, kitambulisho na uthibitisho wa anwani, ada ya usajili ya pauni 55 na kodi ya gari. Kabla ya kufunga bahasha piga nakala ya kila ukurasa. Wanaweza kutaka kuliona gari kabla ya kuamua, kwa hiyo usilifumue kulipaka rangi nyingine katika kipindi hicho.

Bima itafute mapema, na utafute ya thamani mliyokubaliana. Gari la kujiundia halina bei ya soko, na bila makubaliano hayo likiungua utalipwa bei ya vyuma. Zipo pia bima za kulinda gari likiwa bado gerejini linaundwa, dhidi ya moto na wizi. Vipuri vya miaka mitatu vinatoshana na gari zima.

Kadi ikifika, ipeleke pamoja na kitambulisho kwa mtengenezaji wa namba aliyesajiliwa: ya mbele nyeupe, ya nyuma njano.

Utawaona watu wanaovua raba na mifuniko jioni ileile waliyopita ukaguzi. Ziache mahali pake. Kisha tembea maili 100 za taratibu, rudi gerejini, weka gari juu ya stendi na upitie kila nati ya sasipensheni, usukani na breki kwa spana ya kupima nguvu. Piga mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kila unapomaliza moja. Siku nyingine ukiinama na kuona mstari umekatika, hiyo nati imeanza kutembea.